Ndege Mwenye Wanja

Tarehe kumi na moja Juni, mwaka juzi, nilifiwa na mke wangu. Alilazwa hospitali ya mjini, homa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na asubuhi ile haikushuka. Tulimrudisha Msimbati kwa gari la kukodi, tukamzika kabla ya alasiri. Aliniachia binti mmoja wa darasa la kwanza, shamba la mwani ambalo kamba zake zilikuwa zimejaa zikisubiri kuvunwa, na kitana cha mti nisichojua kukitumia.

Mimi ni fundi wa matofali. Shule yangu iliishia la saba. Mambo ya ndege sikuwahi kuyafuatilia, na mwaka ule nisingeyafuatilia kama si binti yangu kunivuta mkono.

Kwanza nieleze kilichokuwa kinanitia hofu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Walimu na watu wa bandari waliotoka mikoa mingine wakilisikia hili hushangaa, lakini ndivyo tulivyolikuta. Baba hulisha, huvisha na hupenda, lakini neno la mwisho ni la mjomba, na nyuma ya mjomba yupo bibi mzaa mama. Baada ya arobaini walikuja kutoka Mahurunga, shemeji yangu na mama mkwe. Shemeji alikaa nami barazani. Mama mkwe alikaa ndani nyuma ya pazia, maana kwetu mkwe wa kiume hakai mkeka mmoja na mama wa mke wake.

"Tumekaa, tumeona," shemeji akasema. "Mtoto wa kike halelewi na mwanamume peke yake. Nani atamsuka? Akivunja ungo nani atamwambia?"

"Ana miaka saba," nikasema.

"Saba inakwenda nane."

Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa kali, ilikuwa imechoka tu. "Mwacheni mtoto amalize muhula. Likizo ya Septemba nitakuja mwenyewe kumchukua."

Nikasema ahsante.

Binti yangu alikuwa uani anasikia kila kitu. Jioni ile hakuniuliza lolote. Alikula ugali wake, akaosha sahani yake, kisha akaiosha na yangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Nikaelewa kwamba anajaribu kuwa mtoto mwepesi kukaa naye.

Shamba la mwani lilikuwa la mke wangu, na kwetu kazi hiyo ni ya wanawake. Lakini mwani ukiachwa huoza kwenye kamba, na yeye aliufunga kwa mikono yake. Nikaacha matofali, nikaingia majini maji yalipokupwa, huku wanawake wote wa shamba wananitazama.

"Shemeji, hiyo ni kamba ya mwani, si ya kufungia mbuzi!"

"Mwacheni, anafunga kama anajenga. Kesho mtaikuta imepigwa lipu."

"Kesho nyingine tutamkuta kajitanda kanga!"

Aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni shoga wa marehemu. Wale wawili walichota maji pamoja tangu wakiwa wasichana. Alinitania mpaka masikio yakawaka, kisha kila jioni alikuja kwangu, akakaa nyuma yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, akanielekeza namna ya kusuka. "Chukua nywele chache. Chache! Unamsuka mtoto, hutandiki makuti." Nikajifunza mtindo mmoja tu, ule wa mistari iliyonyooka kwenda nyuma, unaoitwa twende kilioni. Mara ya kwanza binti yangu alilia. Mara ya tatu alilala usingizi katikati ya magoti yangu, nikasuka polepole nisimwamshe.

Basi, ndege.

Juu ya mstari wa taka zinazoachwa na maji makubwa ya bamvua, pale mchanga unapoanza kuota majani, huishi vitwitwi wadogo. Ukubwa wao kama ngumi ya mtoto, mgongo rangi ya mchanga mkavu, tumbo jeupe. Hukimbia, husimama ghafla kama waliosahau kitu, hukimbia tena. Hawa ni wa kwetu, hawasafiri. Binti yangu ndiye aliyegundua kwamba kuna wawili hawaachani, na kwamba sura zao hazifanani.

Kwa mwili walikuwa sawa, huwezi kusema huyu mkubwa, huyu mdogo. Tofauti ilikuwa usoni. Mmoja, juu ya paji lake jeupe, alikuwa na mstari mpana mweusi uliokwenda upande hadi upande, umekolea, kama uliochorwa na mkono usiotetemeka. Mwenzake mahali hapo hapo alikuwa na alama nyembamba ya rangi ya kahawia. Akikupa ubavu huioni kabisa.

Niliwauliza wanawake.

"Mwenye wanja ndiye mke," shoga wa marehemu akajibu bila kuinua kichwa. "Nani hupaka wanja? Mwanamume? Yule mwingine ni mume wake, katoka shamba hajaoga."

Wote wakakubali, nami nikakubali. Pwani yetu haiwezekani kuona wanja usimfikirie mwanamke. Na mke wangu mwenyewe aliamini hivyo. Aprili ile, miezi miwili kabla hajafa, tulisimama pamoja kwenye maji ya magotini tukiwaangalia wale ndege wageni wanaokuja kwa maelfu. Wanapofika kwetu wote ni rangi ya majivu. Ikikaribia siku ya kurudi kwao kaskazini kwenda kutaga, vifua vyao huanza kuwa vyekundu. Wengine hukolea kama tofali lililoiva vizuri, na uso unakuwa mweusi. Wengine hupata wekundu kidogo tu, kama moto haukuwafikia. Mke wangu akasema, "Waone wanawake wanavyojipamba kwa safari, na waume zao wamevaa shati la shamba." Nikacheka. Sikuwa na sababu ya kubisha, na hata leo natamani nisingekuwa nayo.

Mwezi wa Agosti mwenye wanja alianza kuchimba. Alilala kifua mchangani, akajizungusha, akarusha mchanga nyuma kwa miguu mpaka kikatokea kishimo kama kisahani. Akakiacha, akachimba kingine, na kingine. Yule wa kahawia alipita akakagua, akaingia kimoja, akajipima, akatoka. Akija kitwitwi mwingine karibu, mwenye wanja alimfukuza ufukoni kichwa kikiwa chini kama jogoo. Nikasema moyoni, mwanamke huyu mkali, anajenga na kulinda, na mume wake anakagua tu.

Kisha siku moja nikawaona wakipandana, na aliyekuwa juu ni mwenye wanja. Nikamgeuza binti yangu kichwa nikamwonyesha mashua. Lakini jambo lile likakaa akilini. Nikajiambia labda ndege hawana utaratibu. Sikutaka kusema nisichokijua.

Asubuhi moja yule wa kahawia aliingia kwenye kishimo tulichokuwa tumekizoea. Kilikuwa kitupu, tulikiona wote wawili kabla hajakaa. Alikaa muda mrefu, tumbo limetuna, mdomo wazi kidogo. Mwenye wanja alisimama mbali akitazama baharini. Yule wa kahawia alipoinuka, palikuwa na yai. Lilikuwa na rangi ya mchanga na michirizi kama ya kalamu, na ukipepesa macho hulioni tena.

"Baba," binti yangu akanong'ona, "mume kataga."

"Hapana," nikasema. "Tulikosea. Huyu ndiye mama."

Nikaenda majini nikawaambia wanawake. Mwenye wanja ni dume. Wakati wa kutaga yeye ndiye anayekolea, na mke anabaki rangi ya kawaida, pengine ili asionekane akilala juu ya mayai. Na wale wekundu wa Aprili pengine ni vivyo hivyo. Kicheko chao kilifika ng'ambo.

"Shemeji, upweke umekupanda kichwani!"

"Yai nimeliona."

"Umeliona likitoka?" shoga wa marehemu akauliza.

"Nimeona amekaa pasipo na kitu, ameinuka pana yai."

"Basi na mimi nikikaa juu ya jiwe mtasema nimelizaa!"

Nikaachana nao. Hata hivyo niliona kwamba siku zilizofuata shoga wa marehemu alipita upande ule wa ufuko mara kwa mara, akisema anatafuta vigingi vilivyochukuliwa na maji.

Yai la pili likaja. Wakaanza kupokezana. Mama alilala mchana, maana rangi yake ilipotea kabisa kwenye mchanga. Tukifika alfajiri, anayeinuka kwenye mayai ni baba na wanja wake, zamu yake imekwisha. Mtu akikaribia, hawakuruka kwa kelele. Walipiga mchanga kwa miguu haraka haraka mpaka mayai yakafukiwa, kisha wakaondoka wakikimbia kama hawana lao pale.

Mara ya kwanza kuona hivyo binti yangu alishika suruali yangu. "Baba, wanayazika."

Tulikuwa tumetoka kuzika miezi miwili tu. Tukarudi nyuma, tukakaa. Ndege akarudi, akaondoa mchanga kwa mdomo na kifua, akalala juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kumbe ameyaficha," mtoto akasema.

Septemba mama mkwe alifika kwa bodaboda akiwa na begi lake na begi jingine tupu. Nilimwamkia kwa mbali, "Shikamoo mama," nimeinama, akajibu, "Marahaba mkwe wangu," akitazama pembeni kama inavyotakiwa. Akaingia ndani. Alikagua kila kitu bila kuuliza. Alifungua mtungi akanusa maji. Alimkalisha mjukuu wake mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole katika kila mstari wa nywele kutoka paji hadi kisogoni. Kesho yake niliona nguo za mtoto zimeanza kukunjwa kwenye lile begi tupu, sweta la shule juu kabisa.

Binti yangu alimvuta bibi yake ufukoni, akamwonyesha ndege. Mama mkwe alikaa upande mmoja wa mti ulioangushwa na maji, mimi upande mwingine, mtoto katikati. Hivyo ndivyo tulivyokaa siku zote zile.

Asubuhi moja tulikuta manyoya. Yalikuwa ya rangi ya mchanga, yametawanyika karibu na kishimo, na kunguru wawili walikuwa wakitembea pale kama wenye mji. Mwenye wanja alikuwa anakimbia huku na huku, ananyanyua bawa moja akijifanya amevunjika. Nikawafukuza kunguru. Mayai yalikuwa chini ya mchanga, mazima.

Mama mkwe alitazama muda mrefu, kisha akasema, na alisema kwa sauti ili wanawake waliokuwa wakishuka majini wasikie pia.

"Mnaona? Kafa mume, kabaki mama. Hayo mayai yatatotolewa. Angekufa mama, yangeoza hapo hapo. Ndivyo Mungu alivyopanga, si mimi."

Binti yangu akanitazama. Nilijua nikisema kweli nitaonekana najitetea. Nikasema hivyo hivyo.

"Mama, samahani. Aliyekufa ndiye mke. Mwenye wanja ni mume."

"Unasema hivyo leo," akajibu taratibu, hakukasirika. "Mimi pia ningekuwa wewe ningesema hivyo leo."

Alikuwa na haki.

Ndipo shoga wa marehemu akatua kapu lake. "Mama, hakusema leo. Alisema mwezi uliopita, tukamcheka mpaka basi."

"Kusema si kujua."

"Haya. Mimi najua." Akavuta pumzi. "Yai la pili nililiona mwenyewe kwa macho haya. Nilijificha kule kwenye majani. Lilitoka chini ya yule wa kahawia, niliona na mkia unavyotikisika."

Wanawake wakapiga yowe. "Eh! Na wewe! Mwezi mzima umenyamaza?"

"Ningesemaje? Mngenila mzima!"

Mama mkwe hakucheka. Alimtazama yule mwanamke usoni, mwanamke aliyemjua tangu akiwa rafiki mdogo wa binti yake, akikaa jikoni kwake kule Mahurunga sikukuu zote. Kisha akageuka kuangalia kishimo.

"Basi tutaona," akasema.

Niseme kweli, sikuamini yatatotolewa. Ndege mmoja lazima ale, na akienda kula jua la kwetu huchemsha yai. Lakini yule dume alikuwa na akili yake. Alilala juu ya mayai mpaka maji yakupwe. Kisha akayafukia, akashuka mbio, akala kwa haraka pembeni mwa maji, akalowesha tumbo lake kwenye kidimbwi, akarudi akikimbia na manyoya yanadondosha maji, akafukua, akalala. Mchana uliokuwa zamu ya mkewe aliulala yeye, na wanja wake ulionekana kutoka mbali. Ulikuwa unamwita kila kunguru. Tukawa sisi tunakaa na vipande vya matumbawe mkononi. Mara moja kunguru alishuka nyuma yetu, nikachelewa kugeuka. Jiwe lililompata mgongoni lilirushwa na mama mkwe. Alijifuta mchanga kwenye kanga, akaketi tena, akatazama pembeni kama inavyotakiwa.

Siku ya kuondoka ilifika. Shemeji alikuja na pikipiki mbili, yake na ya kijana wa jirani, akaegesha pale juu, na mabegi mawili yakafungwa. Binti yangu aliomba aage ndege. Tukashuka wote, hata shemeji, akiangalia saa.

Kishimo kilikuwa kitupu. Palikuwa na kipande cha ganda. Kisha mtoto akapiga kelele akionyesha mwenye wanja, aliyekuwa amesimama kwenye majani, mabawa ameyashusha. Alikuwa na miguu sita.

Akasogea hatua moja, na chini yake wakatoka makinda wawili, mchanga uliopata miguu. Wakakimbia kila mmoja njia yake, wakasimama ghafla kama wakubwa. Akawaita, wakarudi tumboni kwake, wakapotea.

Wanawake waliokuwa majini waliona tunavyorukaruka, wakaacha kamba zao, wakaja mbio na nguo zao za maji. Shoga wa marehemu alipiga vigelegele kama harusini. Kunguru wakapaa wote. Nami nilikuwa nalia na kucheka, sikujificha.

"Mama," shemeji akasema, "tunachelewa."

"Lifungue begi la mtoto," mama mkwe akasema.

"Mama, tulikubaliana kwenye kikao."

"Neno la kikao nilitoa mimi, nalirudisha mimi. Na juzi nimesema mbele ya hawa wote kwamba mama akifa mayai yanaoza. Mbona hayakuoza?"

"Unamwacha mpwa wangu hapa kwa sababu ya ndege?"

"Nani kakwambia ndege?" Sasa sauti yake ilipanda. "Kichwa cha mtoto hakina hata chawa mmoja. Maji ya mtungini hayanuki. Mistari ya nywele imenyooka kuliko alivyosuka marehemu binti yangu, Mungu amrehemu, yeye alikuwa na haraka. Nimekaa hapa natafuta kosa, sijaliona. Nidanganye?"

Shemeji akanitazama, akatazama ndege, akaanza kucheka polepole. Akaenda akafungua kamba.

Mama mkwe akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinitazama machoni. "Desemba aje kwangu. Na mambo ya kike yakifika ni yangu, hayo usiyaguse."

"Siyagusi, mama."

Akapanda pikipiki. Begi la mtoto lilibaki mchangani, na binti yangu akalikalia juu, akalishika kwa mikono yote miwili mpaka pikipiki zilipopotea.

Kinda mmoja hakuishi. Sijui ni kunguru au ni maji ya bamvua, hatukuona. Wa pili alikua, na mwisho wa Oktoba, tulipokuwa tunafunga kamba, aliruka kutoka ufukoni akapita juu ya vichwa vyetu hadi kwenye fungu la mchanga, na baba yake nyuma yake. Wakati huo wanja wa baba ulikuwa umeanza kufifia pembeni. Kinda hakuwa nao kabisa. Tutajua mwakani kama ni mume au mke, nikamwambia binti yangu.

Jioni ile alimpigia bibi yake simu, akaiweka sauti kubwa.

"Bibi, ameruka!"

"Mwenye wanja yupo?"

"Yupo. Waliruka pamoja."

"Alhamdulillahi. Na kichwa chako nani kakisuka?"

"Baba."

"Mtindo gani?"

"Twende kilioni."

"Mwambie unatosha huo," bibi akasema. "Ajifunze mwingine."

Nikachukua kitana, nikamshika mtoto mkono, tukaenda kwa shoga wa marehemu. Alikuwa anakuna nazi. Alinisikiliza, akacheka, akapindua kinu, akasema, "Kaa hapo, shemeji. Chukua nywele chache."